Visiwa vya Mbali na Kisiwa cha Jirani: Tuijue Rubondo



Katika makala haya tumekusudia kueleza juu ya safari za meli zinazopeleka watu kwenye visiwa vya mbali vyenye wanyama wengi, huko kusini kabisa mwa dunia kwenye bahari za baridi. Kisha tutarudi nyumbani, kwenye kisiwa cha Rubondo ambacho kimo ndani ya mkoa wetu wa Geita. Tuliwauliza wanafunzi wa madarasa ya juu ni nani amewahi kuona shimo la dhahabu, na karibu mikono yote ikainuka. Tulipouliza ni nani amewahi kufika Rubondo, hakuna aliyeinua mkono. Kijana mmoja alisema anaifahamu Rubondo kwa sababu baba yake aliwahi kunyang'anywa nyavu huko. Jawabu lile lilitufanya tuone kwamba jambo hili lastahili kuelezwa vizuri, kwani kisiwa kinachojulikana kwa nyavu zilizochukuliwa tu bado hakijajulikana.

Tuanze na huko mbali. Ukiitazama ramani ya dunia, chini kabisa ya Amerika ya Kusini kuna mji wa Argentina unaoitwa Ushuaia. Kutoka hapo, na pia kutoka Stanley katika visiwa vya Falkland, huondoka meli za kitalii zinazoelekea bara la barafu la Antaktika na visiwa vya jirani yake. Kimoja cha visiwa hivyo ni South Georgia. Hakina kijiji wala wenyeji wa kuzaliwa; waliopo ni watafiti na maofisa wachache wanaokwenda kwa zamu. Hakuna uwanja wa ndege, hivyo kila anayefika hufika kwa chombo cha majini, na kutoka Falkland ni mwendo wa siku mbili hivi katika bahari yenye mawimbi makubwa. Huko wapo pengwini, ndege wasioruka ambao wanatembea wima kama watu waliovaa kanzu nyeupe na joho jeusi, nao husimama ufukweni kwa maelfu na malaki. Wapo sili, wanyama wa baharini wanaonyonyesha, wakiwemo sili-tembo ambao dume mmoja huweza kufikia tani tatu au zaidi. Wapo pia albatrosi, ndege wenye mbawa ndefu kuliko ndege wote waliopo duniani.

Safari za namna hii si za zamani sana. Mwaka 1966 Lars-Eric Lindblad, mzaliwa wa Sweden aliyeishi Marekani, aliongoza kundi la watalii hadi Antaktika, na mwaka 1969 akapata meli iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Tuukumbuke huo mwaka 1966, maana tutakutana nao tena. Nauli za safari hizi ni maelfu ya dola kwa mtu mmoja, hivyo wanaokwenda kwa kawaida ni matajiri na wastaafu wa nchi za Ulaya na Marekani.

Lakini fedha peke yake haimfungulii mtu mlango. Meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kuwashusha Antaktika hata kidogo. Watatazama kwa mbali tu. Kwa zile ndogo, watu wanaokanyaga ufukwe mmoja kwa wakati mmoja wasizidi 100. Kabla ya kushuka kila mtu husafisha viatu kwa brashi na dawa, na nguo na mifuko hukaguliwa ili isiwemo mbegu hata moja ya jani iliyonasa katika kitambaa. Akishafika hapaswi kumsogelea mnyama, huacha nafasi ya mita tano au zaidi. Pengwini mwenyewe akija hadi miguuni mwako, hiyo ni hiari yake.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu kisiwa hicho kimeshaumizwa. Nahodha James Cook wa Uingereza alishuka huko mwaka 1775, na habari zake zilipoenea wakaja wawindaji wa ngozi, wakawachinja sili hadi karibu kuwamaliza. Mwaka 1904 Mnorwe Carl Anton Larsen akafungua kituo cha nyangumi mahali panapoitwa Grytviken. Hadi kazi hiyo ilipokoma katikati ya miaka ya 1960, nyangumi zaidi ya 175,000 walikuwa wamechinjwa katika vituo vya kisiwa hicho, na mafuta yao yakaenda kuwa mafuta ya taa, sabuni na siagi ya viwandani. Sisi tunaoishi kwenye ukanda wa dhahabu hatuhitaji kuelezwa kwa maneno mengi jinsi watu wanavyokimbilia mahali palipotangazwa kuwa na mali, wakajenga, wakachimba, kisha wakahama na kuacha mabati.

Jambo jingine ni kwamba meli zao zilishusha panya, nao panya wakala mayai na makinda ya ndege wanaotaga chini. Wanorwe pia walileta kulungu wa nchi yao mwaka 1911 kwa ajili ya nyama na mchezo wa kuwinda. Wachache wale wakazaana hadi kuwa maelfu, wakamaliza majani. Serikali ya kisiwa ilianza kuwaondoa kulungu hao mwaka 2013, wakaondolewa zaidi ya 6,000. Panya nao walitupiwa sumu kwa helikopta kwa misimu kadhaa, hadi mwaka 2018 ikatangazwa kuwa wamekwisha. Ndege mdogo mwimbaji ambaye hapatikani kokote ila kisiwa hicho alianza kurudi na kutaga palepale alipokuwa ametoweka. Hata hivyo mwaka 2023 homa ya mafua ya ndege iliingia, ikaua ndege na sili wengi, wala hiyo haikuzuiwa na brashi ya viatu, kwani inaaminika ililetwa na ndege wenyewe wanaoruka baharini.

Rubondo ipo wapi?

Sasa turudi nyumbani. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 68,800, na katika kona yake ya kusini magharibi ndipo ilipo Rubondo. Hifadhi yote ni kama kilometa za mraba 457, na zaidi ya nusu kidogo ni nchi kavu, iliyobaki ni maji. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilometa 28 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na pembeni yake kuna visiwa vidogo vipatavyo kumi na kidogo. Sehemu kubwa imefunikwa na msitu mnene, na kandokando ya maji kuna mafunjo.

Mwaka 1965 kisiwa kilitangazwa kuwa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Hatuwezi kupita hapa haraka. Kabla ya hapo walikuwepo watu, wengi wao Wazinza, waliovua, kulima na kuzika wazee wao humo. Walihamishwa wakaenda visiwa vya jirani na bara. Vitabu vingi vya watalii vinasema kisiwa "hakina watu" kana kwamba kimekuwa hivyo tangu kuumbwa, na sisi tunaona si haki kusema hivyo. South Georgia haikuwahi kuwa na wenyeji. Rubondo ilikuwa nao. Anayefurahia utulivu wa kisiwa leo anafurahia kitu ambacho familia fulani zilikilipia, na wajukuu wa familia hizo huenda wanasoma madrasa moja na watoto wetu.

Wanyama walioletwa kwa meli

Hapa ndipo mwaka 1966 unaporudi. Katika mwaka uleule ambao watalii wa Lindblad walikuwa wanakwenda kusini kuwaona wanyama, meli nyingine ilikuwa inatoka Ulaya ikiwaleta wanyama Afrika. Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt na aliyejulikana sana kwa kuitetea Serengeti, alitaka Rubondo iwe mahali pa kuwaficha wanyama waliokuwa hatarini kwingineko. Fikra yake ni rahisi kuielewa: kisiwa ni boma lisilohitaji ukuta.

Kati ya mwaka 1966 na 1969 shirika lake lilileta sokwe wapatao 16, kwa makundi. Sokwe hawa hawakutoka Gombe wala Mahale huko Kigoma, kama wengi wanavyodhani. Asili yao ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Walikamatwa wakiwa wadogo, wakauzwa Ulaya, wakakaa katika bustani za wanyama, baadhi kwa miaka mingi. Kisha wakafunguliwa Rubondo bila mafunzo yoyote ya kuishi porini. Jambo hili lingeweza kwenda vibaya kabisa, na mwanzoni baadhi yao waliwashambulia watu waliowakuta kisiwani, kwa vile walikuwa wamezoea binadamu na hawakuwa na woga nao. Lakini ndani ya mwaka mmoja hivi walikuwa wamejifunza matunda gani ya msitu yanalika, na wakaanza kujenga viota vya kulalia juu ya miti kama sokwe wengine wote. Wakazaa. Wazao wao leo wanahesabiwa kwa makumi, nao hawajui bustani ya Ulaya ilikuwaje. Sisi hatujui pengine popote palipo na habari inayofanana na hii kwa ukamilifu, na tunashangaa kwamba haimo katika mazungumzo ya watoto wa Geita.

Waliletwa pia twiga, mbega weupe na weusi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 tembo sita. Tembo na twiga wamestawi, kwa kuwa kisiwani hakuna simba, chui wala fisi. Mwaka 2000 walifunguliwa kasuku wa kijivu waliokuwa wamekamatwa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Hata hivyo si wote waliofanikiwa. Faru weusi waliletwa, na leo hakuna hata mmoja. Majangili walifika hata kule majini. Korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, naye aliletwa na hayupo tena.

Msomaji makini atauliza: South Georgia waliwaondoa kulungu walioletwa, mbona Rubondo wanawalinda tembo na sokwe walioletwa? Swali hili ni zuri, na jawabu lake halijafungwa. Kulungu wa Norway walikuwa wageni kabisa katika nchi isiyokuwa na mnyama yeyote wa kula majani wa ukubwa ule, na ndege waliokuwa wakiathirika hawapatikani pengine. Tembo ni mnyama wa Tanzania hii hii, na sokwe porini anazidi kupungua kila mwaka. Lakini tembo ni tembo. Hubandua magome na kuangusha miti, na kisiwa hakimpi nafasi ya kuhamia kwingine msitu upumzike. Watafiti wamekuwa wakilifuatilia jambo hili, na kwa maoni yetu kuna siku wahifadhi watalazimika kuamua ni wangapi wanatosha.

Wenyeji halisi wa kisiwa ni wengine: nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama, pia pongo, kiboko, mamba, chatu, fisi maji na tumbili. Ndege ni zaidi ya aina 200. Ndani ya maji kuna sato na sangara. Tukumbuke kwamba sangara naye ni mgeni, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 wakati wa wakoloni, akawala furu hadi aina nyingi zikatoweka, na papo hapo akazaa viwanda vya minofu na ajira kwa maelfu ya watu. Ukitaka kumweleza mtoto jinsi mnyama mmoja aliyeletwa anavyobadilisha maisha ya nchi, huna haja ya kwenda mbali. Mwonyeshe sahani yake.

Nyavu na samaki

Kuvua ndani ya mipaka ya hifadhi hakuruhusiwi, isipokuwa ule uvuvi wa ndoano wa watalii ambao samaki hurudishwa majini. Hapa ndipo panapotokea ugomvi. Mvuvi wa Nkome au wa Maisome anayaona maji yaleyale, samaki walewale, na hakuna ukuta. Amekopa mafuta ya injini, na usiku huo hakupata kitu. Anasogea. Askari wa wanyamapori wanamkuta, na nyavu zinakwenda, pengine na mtumbwi.

Tunaelewa uchungu huo, na baadhi ya wazazi wanaosoma ukurasa huu wameupitia. Lakini na upande wa pili usemwe. Maji ya pembeni ya kisiwa, yenye mafunjo na ghuba tulivu, ndipo samaki wanapotaga na vifaranga kukulia. Samaki huyo hana kitambulisho cha hifadhi. Akikua anatoka, anavuliwa nje na watu walewale. Kokoro likipitishwa humo linazoa na wale wa mwakani. Sisi tunadhani kwamba mipaka ingeheshimiwa zaidi kama ingeonekana vizuri majini, na kama vijiji vya mialo vingeona faida ya watalii kwa macho yao badala ya kuisikia mikutanoni. Tuongeze pia zebaki. Wachimbaji wadogo wa kwetu wanaitumia kukamatia dhahabu, na ile inayomwagwa ovyo hufuata mito hadi ziwani, kisha huingia kwa samaki. Samaki huyo haulizi kama wewe ni mchimbaji au mvuvi.

Usalama wa majini

Wazazi wengi wanaogopa ziwa, na woga wao una sababu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakafariki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu 228 wakafa. Kivuko hicho kilisajiliwa kubeba watu 101. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Linganisha na habari hii. Ile meli ya Lindblad ya mwaka 1969, ikiwa imeshabadilishwa wamiliki na kuitwa Explorer, iligonga barafu karibu na Antaktika usiku wa tarehe 23 Novemba 2007, ikazama. Ndani yake walikuwemo watu 154. Walikaa kwenye mashua za kuokolea kwa saa kadhaa katika baridi kali, ikaja meli nyingine ikawachukua, na hakufa hata mmoja. Maji yale ni ya kuua mtu kwa dakika chache, na ziwa letu ni la vuguvugu. Kilichotofautisha ni hesabu ya watu iliyokuwa sahihi, mashua za kutosha kila mtu, mazoezi ya kujiokoa yaliyofanywa mapema, na meli nyingine zilizokuwa karibu na kuitwa mara moja.

Kwa hiyo anayetaka kwenda Rubondo asipande mtumbwi wa mtu yeyote ili kuokoa fedha kidogo. Aulize boti ya hifadhi au iliyoidhinishwa. Ahesabu majaketi okozi kabla ya kuingia, na kama watoto ni kumi basi majaketi ya saizi ya watoto yawe kumi. Liwe limevaliwa na kufungwa, si la kukalia. Akiona watu wamezidi, ashuke.

Namna ya kufika

Kutoka Shinyanga unaweza kupitia Mwanza na kuvuka daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ambalo limeondoa ile foleni ya kivuko tuliyoizoea. Ukishafika Geita unaendelea Katoro hadi wilaya ya Chato, unaelekea Muganza, na kutoka hapo mwalo wa Kasenda. Kutoka Kasenda kwa boti ni karibu nusu saa. Njia ya Nkome ipo pia, lakini majini ni mbali zaidi. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Viwango hubadilika, hivyo walimu waulize ofisi za TANAPA mapema, na waulize pia juu ya malazi na utaratibu wa makundi ya wanafunzi. Atakayependa kuanza na karibu, Mwanza kuna kisiwa cha Saanane, kilichoanzishwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kina kilometa za mraba zipatazo mbili tu na huhitaji kulala.

Mwenye mafua au kikohozi asiwakaribie sokwe. Magonjwa yetu mengi yanawaingia, na kikohozi kinachompita mtoto wako kwa siku tatu kinaweza kumwua sokwe. Chakula kisiachwe nje, taka zirudi na mwenye nazo, na nguo ziwe za mikono mirefu zisizo za rangi ya buluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wanazipenda rangi hizo. Kibla kwa mtu aliyeko Rubondo ni kaskazini, ikielemea kidogo mashariki.

Asubuhi mapema ndio wakati mzuri wa kuwatafuta nzohe kwenye mafunjo. Sokwe ni bahati. Si kila anayekwenda huwaona. Wengi husikia makelele yao yakipokezana kutoka upande mmoja wa msitu hadi mwingine, na askari huwaonyesha viota juu ya miti, vile vya jana vikiwa bado na majani mabichi.